Kava la komiki linasomwa: mimi nalisoma hivi, hatua kwa hatua

Wadau habari za saa hizi. Juzi kuna dogo kaja hapa ninapochorea Sinza, kashika komiki ya mtumba, yani kitabu cha hadithi za picha, kainunua mjini Posta, ananiambia kaka cheki hili kava, kali balaa. Nikamuuliza kali kwa nini? Akaangalia weee, akasema yani kali tu. Na hajakosea, limempiga kweli, ila hajui limempigia wapi. Nikakaa nae karibu saa nzima tukalisoma lile kava, na nilivyomuonyesha yeye ndo nawaandikia hapa.

Mimi kazi yangu ni kuchora, vibao vya saluni, makava ya hadithi za watu wanaojichapishia wenyewe, na komiki nazikusanya tangu nipo shule ya msingi nagombania jarida la Sani na kaka zangu nani aanze kusoma vituko vya Madenge. Kitu kimoja ushike kabla hatujaanza: kava la komiki halikuchorwa lipendeze ukutani, limechorwa limsimamishe mtu anayepita na shughuli zake alafu limuachie swali ambalo jibu lake liko ndani. Kwaiyo ukitaka kujua kava zuri au baya uliza hayo mawili tu, limenisimamishaje, na limeniachia swali gani.

Tafuta komiki ya karatasi kama unayo, kama huna simu inatosha, na penseli na karatasi za kuchezea.

Hatua ya 1: liweke mbali

Lisimamishe kwenye kiti, rudi nyuma hatua saba nane, finya macho mpaka vitu viwe ukungu. Kama ni simu punguza picha mpaka iwe kama ukucha wa kidole gumba. Bado unaona kitu? Zamani Marekani komiki zilikuwa zinauzwa kwenye vibanda vya magazeti na kwenye vile vyuma vya kuzungusha, zimebanana, nyingine imefunikwa nusu na mwenzake, kwaiyo mchoraji alikuwa na sekunde moja ya macho yako basi. Ndo maana jina la komiki linakaa juu kabisa, sehemu ya juu ndo ilikuwa inachungulia. Ni kama ukiwa kituoni jioni, daladala unaijua kwa ule ufito wa rangi ubavuni hata kabla hujasoma inaenda wapi.

Mfano wa hatua hii ni kava la kwanza la The Dark Knight Returns, 1986, la Frank Miller. Batman ni kivuli cheusi tupu, nyuma yake radi nyeupe imechana anga, basi, hakuna sura hakuna misuli iliyochorwa moja moja. Finya macho utakavyo halipotei.

Hatua ya 2: fuata jicho kwa kidole

Fumba macho, fumbua, weka kidole pale jicho lilipotua kwanza. Alafu telezesha kidole kule jicho linapotaka kwenda, usilazimishe. Fungua Action Comics namba 1, Juni 1938, kava la Joe Shuster, Superman wa kwanza kabisa. Jicho linatua kwenye gari la kijani lililonyanyuliwa limekaa mshazari, linateremka kwa Superman, alafu linaishia kona ya chini kushoto kwa jamaa kashika kichwa anakimbia anataka kutoka nje ya karatasi. Huyo jamaa ndo fundi wa kava zima! Mfunike na kidole uone. Gari limebaki, Superman kabaki, ila woga umeondoka, kumbe tulikuwa tunaogopa kupitia yeye.

Hatua ya 3: tafuta swali

Hapa kaa muda mrefu, mimi naweza kukaa na kava moja jioni nzima kwenye hatua hii.

Chukua Captain America Comics namba 1, ya Jack Kirby na Joe Simon. Kwenye kava imewekwa tarehe ya Machi 1941 ila mitaani ilifika Desemba 1940, na shujaa anampiga Hitler ngumi ya taya. Sasa hesabu miezi: Marekani imeingia Vita Kuu ya Pili Desemba 1941. Yani hilo kava limetoka karibu mwaka mzima kabla, wakati Wamarekani wengi bado hawataki vita, na waliolitengeneza ni vijana wawili wa familia za Kiyahudi. Ukishajua hivyo huwezi tena kuliona kama picha ya ngumi tu. Kuna askari wanapiga risasi, moja inagonga ngao, kuna ramani ya Marekani, kila kitu kinakuuliza huyu atatokaje humo ndani akiwa hai, na chini ya swali hilo kuna lingine kubwa zaidi, je na wewe msomaji utasimama upande gani. Kwangu hilo ndo kava lenye ujasiri kuliko yote niliyowahi kuona, na nalisema hivyo nikijua kiuchoraji tu yapo mazuri zaidi yake.

Swali sio lazima liwe la ngumi. Giant-Size X-Men namba 1 ya 1975, Gil Kane na Dave Cockrum, wahusika wapya wanachana picha ya wahusika wa zamani wanatokea mbele, na wale wa zamani wameduwaa kwenye karatasi iliyochanika. Swali: hawa wageni ni kina nani mpaka wanawachania wenzao picha? Alafu ipo Watchmen namba 1, 1986, ya Dave Gibbons, imesogea karibu mno, njano na tone la damu, hujui hata unaangalia nini, ukifungua ndani picha ya kwanza inaendelea pale pale kwenye kava. Yani kava ndo picha ya kwanza ya hadithi, umeshaanza kusoma hata kabla hujafungua.

Hatua ya 4: rangi

Fupi hii. Komiki za zamani zilichapwa kwa wino wa aina nne, bluu mpauko, waridi kali, njano na nyeusi, zingine zote ni vidoti vimepangwa jicho lichanganye lenyewe. Ukizuum na simu utaviona. Ndo maana mashujaa wengi ni wekundu na bluu na njano, ni rangi zilizokuwa zinatoka safi. Hulk mwenyewe mwaka 1962 alianza akiwa wa kijivu, kijivu kikawasumbua kwenye uchapaji, huku kimekolea huku kimepauka, toleo la pili akawa wa kijani na mpaka leo ni wa kijani. Jamaa wanaochora picha za Tingatinga pale Oysterbay wataelewa upesi, wao walianza na rangi za mafuta za kupakia baiskeli na ule mng'ao wa rangi ukaingia kwenye mtindo wenyewe. Kwaiyo kabla hujasema rangi za kava ni za kitoto uliza kwanza mchapaji alikuwa na nini mkononi.

Hatua ya 5: maandishi, soma kama kanga

Hii naifundisha kwa kanga kwa sababu kila mtu nyumbani anayo. Nenda hata Mtaa wa Uhuru Kariakoo angalia zilivyotundikwa: kuna pindo linazunguka, kuna mji katikati, kuna jina. Jina likikaa vibaya au likiwa halina maana mwanamke hanunui hata mji uwe mzuri vipi. Kava la komiki ni hivyo hivyo. Pindo ni nembo ya kampuni, namba ya toleo, bei, na kwa komiki za Marekani kuanzia miaka ya 50 ule muhuri mdogo wa kanuni za maadili, ulioanza 1954 na wa mwisho ukatoka 2011. Mji ni mchoro. Jina ni logo, yani jina la komiki lilivyochorwa, na maneno ya mhusika. Sasa angalia je vinaongea? Mchoraji anayejua kazi anaacha nafasi ya logo tangu kwenye penseli, na wakati mwingine anapitisha kichwa au mkono wa mhusika mbele ya logo ili ionekane kuna mbele na nyuma.

Hilo nililijua kwa maumivu. Kava langu la kwanza la kulipwa nilichora mpaka ukingoni kabisa bila kuacha ziada, mchapaji akakata karatasi akala vidole vya mhusika na nusu ya herufi ya kwanza ya jina, nakala zote. Mwandishi alinyamaza tu akaziangalia, na ule ukimya siusahau. Tangu siku hiyo kava lolote nikilishika naangalia kingo kwanza.

Hatua ya 6: linganisha mawili ya kitu kimoja

Amazing Fantasy namba 15, Agosti 1962, senti 12, Spider-Man wa kwanza. Steve Ditko alichora kava, halikutumika, likatoka lingine ambalo Jack Kirby kachora penseli na Ditko mwenyewe kalipitishia wino. Yote mawili yapo mtandaoni, yaweke pembeni pembeni. La Ditko linakuweka wewe huko huko juu hewani na Spider-Man, unaona watu wadogo chini. La Kirby wewe ni mtazamaji, shujaa mkubwa anapita mbele yako kambeba mhalifu kwapani. La Kirby linasimamisha mtu upesi zaidi, ndo kazi ya kava, nawaelewa waliolichagua. Ila moyo wangu uko kwa Ditko, kwa sababu Spider-Man ni kijana aliye peke yake huko juu, na kava lile linakufanya uusikie huo upweke tumboni.

Wewe unaweza ukachagua tofauti, sawa kabisa, ila uwe na sababu ya kunionyesha kwa kidole kwenye karatasi.

Hatua ya 7: lichore upya

Sio lazima ujue kuchora. Piga viboksi vitano vya ukubwa wa kiberiti, kila kimoja weka lile kava la Superman la hatua ya 2 kwa maumbo tu, duara kwa kichwa, mstari kwa mkono, weusi pale penye weusi. Cha kwanza kama lilivyo. Cha pili mhusika mhamishie kulia. Cha tatu mtoe yule mtu mdogo anayeogopa. Cha nne shusha logo chini. Cha tano fanya utakavyo. Yule dogo kwenye cha tatu alisimama, akafuta akarudisha, akafuta tena, alafu akaniambia kaka huyu wa pembeni hatoki. Akachukua komiki yake akaenda kupanda gari.