Unaitwa Geneviève na umehamia Marekani: namna ya kulitamka jina lako

Mama mmoja kutoka Uvira, Kongo, alikaa kliniki asubuhi nzima akingoja zamu yake. Kumbe alikuwa ameshaitwa mara tatu. Muuguzi aliita "JENA-viiv", naye masikio yake yalingoja Geneviève ile ya nyumbani. Nilikuwa mkalimani wake. Tangu siku hiyo, kila mama au dada wa Kongo anayekuja kwangu kujifunza Kiingereza huanza na jina lake.

Hatua ya 1: Yajue matamshi yote mawili. La Kifaransa lina silabi mbili: zhen-VYEV. Ukikosa zh, tamka sh ya "shamba" huku koo likitetemeka, kama unavyotoka kwenye s kwenda z. E ya kwanza karibu imezwe, uzito uangukie mwisho. La Kiingereza lina silabi tatu. Anza kama "jenga" na utie nguvu hapo hapo, silabi ya kati ipite haraka mdomo ukiwa nusu wazi, kisha uvute ii kama katika "hii". Jina linaishia kwenye v tupu. Ulimi wetu hupenda kuongeza irabu pale, ikawa "Jenevivi", kwa hiyo meno ya juu yaguse mdomo wa chini na yabaki hapo hapo.

Hatua ya 2: Chagua moja. JENA-viiv si kosa. Mjini Ste. Genevieve, Missouri, ulioanzishwa na Wafaransa karne ya 18, wenyeji hutamka hivyo. Mtakatifu mwenyewe, msimamizi wa Paris, Waswahili Wakatoliki humwita Jenovefa. Lakini ukitaka lile ulilopewa na wazazi wako, lidai bila kuona haya.

Hatua ya 3: Wafundishe. Mzungumzaji wa Kiingereza anayo zh, ila hajazoea kuanza nayo neno. Mwambie aseme "measure", ashike sauti ya katikati, aanzie hapo. Sauti ya vy anayo pia, kwenye "view". Mwombe arudie mara mbili siku ya kwanza mnayokutana, maana baada ya mwezi atakuwa ameshazoea kukosea nawe utaona tabu kumrekebisha.

Hatua ya 4: Kagua karatasi. Kongo tunaandika nom (jina la ukoo), postnom (jina linalofuata la ukoo), halafu prénom (jina la kwanza, kama Geneviève). Fomu ya Marekani inataka jina la kwanza mwanzoni, na hapo wengi hujikuta wanaitwa kwa nom au postnom. Tena, Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, ndiyo maana kwa baadhi ya mama zetu Geneviève ni jina la ubatizo tu, halimo kwenye hati. Kama ni lako hilo, mwambie karani akuandikie kama jina unalopenda kuitwa. Alama ya è haiingii kwenye mstari wa pasipoti unaosomwa na mashine, basi kwenye fomu andika Genevieve.

Hatua ya 5: Zoeza sikio. Mtoto aende chumba kingine, asome majina kumi kwa lafudhi ya shuleni kwao, lako likiwa katikati. Wewe endelea kupika, redio ikiwa imewashwa. Ukisikia lako, itika. Mama wa Uvira alihitaji jioni nne.