Rilaini isiyobanduka: kushikisha akriliki mpya kwenye besi ya zamani

Fundi mwenzangu kijana, anayefanya kazi peke yake kwenye maabara ndogo ya meno mkoani, alinitumia kwa WhatsApp picha ya meno ya bandia ya taya la chini yaliyorudishwa na mgonjwa. Tabaka jipya la rilaini, yaani akriliki (plastiki ya meno ya bandia) inayoongezwa upande wa fizi ili meno yakae sawa tena, lilikuwa limenyanyuka ukingoni, upande wa ulimi, na chini yake kumeingia uchafu wa kahawia. Swali lake lilikuwa moja: anunue akriliki ya kampuni gani? Nikamwambia aliyo nayo inatosha. Tukapigiana simu, tukaipitia kazi yake kuanzia mwanzo. Nimeyaandika hapa kwa sababu tatizo hili naliona kwa mafundi wengi, na karibu kila mara lawama inaenda kwa akriliki.

Kinachoamua rilaini ishike au ibanduke ni hali ya uso wa besi (bamba la waridi linalobeba meno na kukaa juu ya fizi) katika zile dakika chache kabla ya akriliki mpya kuwekwa. Bei ya akriliki inafuata mbali sana.

Mwongozo huu ni wa rilaini ngumu ya maabara, kwa akriliki ya baridi, ile inayoganda yenyewe bila kuchemshwa. Akriliki ya moto ina nguvu zaidi, lakini kuirudisha besi ya zamani kwenye maji ya moto kunaweza kuipinda, na meno yaliyopinda hayakai mdomoni hata kama tabaka limeshika sawasawa. Rilaini ya kitini, anayoifanya daktari moja kwa moja mdomoni, ninaiona kama ya dharura. Nyingi, Kooliner ikiwa mfano, hutumia unga wa polyethyl methacrylate na monoma (kimiminika kinachochanganywa na unga) ya isobutyl methacrylate, kwa sababu methyl methacrylate ya kawaida ingeunguza fizi. Molekuli ya isobutyl ni kubwa zaidi, hivyo hupenya kwenye besi polepole. Ndiyo maana pakiti za namna hiyo mara nyingi huja na gundi yake. Usiiruke.

Hatua ya 1: Hakikisha besi ni akriliki

Meno ya nailoni, yale yanayopindika, yameenea. Nailoni haivimbi kwa monoma, kwa hiyo akriliki haina pa kuingilia. Kama huna hakika, weka tone la monoma upande wa fizi, subiri kidogo, kisha gusa kwa ncha ya kifaa. Akriliki itanata, nailoni haitabadilika. Ikiwa ni nailoni, ishia hapo, mweleze daktari.

Hatua ya 2: Chapa, plasta, jigi

Hii unaijua. Safisha meno, ua vijidudu, daktari achukue chapa (alama ya fizi) ndani ya meno yenyewe, umwage plasta, ufunge kwenye jigi ya rilaini au flaski (vifaa vya kushikilia plasta na meno mahali pake), kisha utenganishe na kutoa dawa yote ya chapa. Paka kitenganishi kwenye plasta sasa hivi, kabla hujaanza kuchonga besi, kikauke, na brashi yake uiweke mbali. Kitenganishi kazi yake ni kuzuia vitu visishikane. Tone moja likiangukia besi litafanya kazi hiyo hiyo pale pale.

Hatua ya 3: Uso wa besi

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo usiniharakishe.

Besi iliyokaa mdomoni kwa miaka ina tabaka la juu lililochoka: limenyonya maji (akriliki inaweza kubeba takriban asilimia 2 ya uzito wake), lina mate yaliyokauka, ukoko, mafuta ya chakula, gundi ya meno ya bandia na fangasi walioingia kwenye vitundu vidogo. Kuweka akriliki juu ya hayo ni kupiga lipu kwenye ukuta wenye vumbi. Lazima tabaka lile liondoke lote, si kukwaruzwa tu.

Chukua penseli, pakaa upande wote wa fizi, ukingoni hadi mwisho. Kisha chonga kwa kichongeo cha kabaidi, mwendo wa chini, hadi weusi wote uishe. Uso uliochongwa ni mkavu, umefifia, una rangi ya waridi iliyopauka. Ukiona kisiwa kinachong'aa, hapo hujagusa. Visiwa vingi hujificha kwenye kona ya ukingo wa ulimi na nyuma kwenye mwinuko wa mwisho wa fizi, kwa sababu kichwa cha kichongeo hakifiki vizuri. Badilisha kichwa kidogo, umalize. Hakikisha penseli yenyewe imeondoka yote, maana nayo ni uchafu.

Usitumie jiwe lililoisha makali. Linapasha joto plastiki, plastiki inayeyuka na kujipaka juu yake yenyewe, na unabaki na uso laini unaong'aa ambao ndani umefungia uchafu uleule. Ukisikia harufu ya plastiki ya moto, umebonyeza kupita kiasi.

Ondoa milimita 1 na nusu hadi 2, lakini pima unene kwanza kwa kalipa. Ukiacha besi nyembamba kama karatasi, itavunjika katikati, na hapo kushika kwa tabaka hakutasaidia chochote.

Ukingo ndio mahali rilaini inapoanza kuachia, kama ile ya kijana. Wengi huuchonga ukingo taratibu hadi unaisha kwa ncha nyembamba. Tabaka jipya nalo linaishia kwa ncha nyembamba, na ncha hiyo hunyanyuka kwa kila mlo. Mimi nakata ngazi: mshono wa pembe mraba, kina cha milimita 1 hivi, umevuka ukingo na kuingia upande wa nje kidogo. Hapo akriliki mpya inaishia ikiwa na unene, na mshono unakuwa mahali ninapoweza kuung'arisha vizuri.

Sasa mambo yanayorudisha uchafu baada ya kuchonga.

Kwanza, karafuu. Pesti ya chapa ya zinki oksaidi ina yujenoli, na yujenoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, haya haya ya Pemba na Unguja. Ni kizuizi cha kuganda kwa akriliki: inakamata vichocheo kabla havijaunganisha minyororo. Pale ilipobaki, akriliki mpya inaganda kwa mashaka na mpakani inabaki laini. Kwa hiyo pesti ikitumika, chonga zaidi, na usitumie kichongeo kilichokatia pesti kumalizia uso. Mwulize daktari pia kama mgonjwa anapaka mafuta ya karafuu kwenye fizi inayouma, akiwa amevaa meno. Wengi hupaka, na besi huyapokea. Mimi napendelea chapa ya silikoni kwa sababu hii pekee, ingawa nayo lazima itolewe yote.

Pili, supa gluu. Mgonjwa akiwa amewahi kubandika ufa nyumbani, utaona ganda gumu la uwazi. Litoe lote na ukarabati ufa kwanza.

Tatu, nta. Ikidondokea besi, maji ya moto peke yake huacha utando mwembamba. Osha kwa maji ya moto yenye sabuni, suuza kwa maji ya moto safi, kisha pitisha kichongeo mara moja juu juu.

Nne, hewa ya kompresa. Tunakausha kwa hewa, na kompresa zetu nyingi hujaa maji tangini, hasa mjini pwani ambako hewa ina unyevu mwaka mzima. Mashine kuukuu hutema na mafuta. Puliza hewa kwenye kioo safi. Ukiona ukungu au vitone, mwaga maji ya tangi, safisha chujio, au kausha besi kwa njia nyingine: iache mahali pakavu penye feni, mbali na vumbi.

Tano, kidole chako. Baada ya kuchonga na kukausha, shika meno kwa upande wa meno, usiguse kabisa ndani.

Usichonge leo ukamwaga kesho. Chonga, kausha, endelea.

Hatua ya 4: Monoma, dakika 3

Akriliki mpya haishiki ya zamani kwa kuibandika juu. Monoma, yaani methyl methacrylate, inavimbisha uso wa besi, inafungua minyororo ya plastiki, inaingia katikati, kisha inagandia humo humo. Minyororo mipya na ya zamani inakuwa imesukwa pamoja. Ili kuvimba huko kutokee kunahitajika muda. Majaribio ya maabara tangu miaka ya 1990 yameonyesha kwamba kulowesha kwa sekunde 180 huongeza nguvu ya mshiko kuliko kupaka haraka na kuendelea.

Wengi wanajua dakika 3, lakini wanapaka mara moja na kutazama saa. Monoma inaruka haraka, na kwenye chumba chenye joto la Dar es Salaam uso umekauka hata kabla ya dakika moja. Dakika 3 maana yake ni dakika 3 za uso uliolowa. Paka, na kila ukiona mng'ao unapotea, rudia. Mimina monoma kidogo kwenye kikombe cha kioo na uchovye brashi humo, usichovye kwenye chupa: chembe ya unga ina benzoili peroksaidi na inaweza kugandisha chupa nzima.

Usizamishe meno yote kwenye monoma. Meno ya akriliki hupata nyufa za nywele. Lowesha uso uliochongwa peke yake.

Wapo wanaotumia klorofomu au dikloromethani kwa sababu zinayeyusha haraka. Siwezi kukushauri hivyo. Dikloromethani inashukiwa kusababisha saratani, na unaivuta wewe kila siku. Ukitaka kiyeyushi, ethili asetati ni salama zaidi. Mimi monoma inanitosha. Nayo ina masharti: fungua dirisha, zima moto wa nta, kwa kuwa mvuke wake unashika moto hata kwa joto la chumba, na usidhani glavu nyembamba zinakukinga, maana inazipenya.

Hatua ya 5: Changanya, weka, funga

Fuata vipimo vya kiwanda. Weka akriliki uso ukiwa bado unanata, ingali inatiririka vizuri. Ikishakuwa kama donge la chapati umechelewa. Funga jigi.

Hatua ya 6: Presha

Weka jigi kwenye chungu cha presha: maji ya nyuzi 45 hivi, presha ya baa 2, muda wa kiwanda. Bila presha, viputo hukusanyika mpakani, na kila kiputo ni mahali ambapo hapajashikana. Kama huna chungu cha presha, nunua hicho kabla ya kununua akriliki ya bei kubwa.

Baada ya kung'arisha, loweka meno kwenye maji ya nyuzi 50 kwa saa moja. Akriliki ya baridi hubaki na monoma nyingi: kiwango cha ISO 20795-1 huruhusu hadi asilimia 4.5, wakati ya moto ni 2.2. Fizi ya mgonjwa itakushukuru.

Kwa wanaoweka tabaka laini

Hili ni tabaka linalobaki laini kama mto wa fizi. La akriliki hushika vizuri siku za mwanzo kwa kuwa ni la ukoo mmoja na besi, lakini kilainishi chake hutoka taratibu mdomoni na linakuwa gumu. La silikoni hubaki laini muda mrefu, ila halina undugu wa kikemia na akriliki. Linategemea gundi yake tu, na gundi ya kampuni moja usiitumie kwa silikoni ya nyingine. Nguvu ya chini ya mshiko inayotajwa mara kwa mara kuwa inafaa mdomoni ni megapaskali 0.44.

Kupuliza mchanga wa alumina kabla ya silikoni ni tabia ninayoipinga. Majaribio mengi yameonyesha mshiko kupungua, kwa sababu silikoni nzito haijazi vishimo vile na hewa inabaki chini. Na vaa glavu za vinili. Salfa ya glavu za mpira huzuia silikoni za platinamu zisigande.

Ikibanduka, isome kabla ya kuitengeneza

Tazama pande zote mbili kwa lenzi. Besi ikiwa safi na tabaka limetoka zima kama ganda, mshiko haukuwepo: rudi Hatua ya 3 na ya 4. Mabaki ya tabaka jipya yakiwa yamebaki juu ya besi, mshiko ulikuwa mzuri na akriliki yenyewe ndiyo iliyokatika. Kagua uwiano wa unga na monoma, na presha. Yakiwa mchanganyiko, chora kwa penseli mipaka ya sehemu zilizotoka safi. Mara nyingi utakuta ziko palepale kichongeo kilikuwa hakifiki, na hapo ndipo pa kuanzia kuchonga upya.