Namna ya kuiuliza injini ya utafutaji ikujibu sawasawa

Kazi yangu ni kuhakiki makala kabla hazijapelekwa kuchapwa. Kila jina, kila mwaka na kila tarakimu hupita mikononi mwangu, kwa hiyo siku nzima niko kwenye kisanduku cha kutafutia. Zamani injini za utafutaji zilinipa orodha ya kurasa, nikazichambua mwenyewe. Za sasa zinalisoma swali langu na kunijibu kwa aya nzima. Zimenipunguzia kazi sana, na mara moja zilinipitishia kosa ambalo sijalisahau.

Makala ilisema Albert Einstein alipata Tuzo ya Nobel kwa nadharia yake ya uhusianifu. Nikaandika: "Einstein alipata Nobel ya uhusianifu mwaka gani?" Jibu likaja papo hapo, kwa herufi nene: 1921. Mwaka ulilingana na wa kwenye makala, nikapitisha. Baadaye msomaji mmoja, mwalimu wa fizikia, akatuandikia. Tuzo ile ya 1921, aliyopewa mwaka 1922, ilikuwa kwa mchango wake katika fizikia ya nadharia na hasa kwa kugundua kanuni ya athari ya fotoelektriki, yaani jinsi mwanga unavyochomoa elektroni kwenye metali. Uhusianifu haumo. Nilikuwa nimelifungia kosa ndani ya swali, na mashine ikanijibu sehemu niliyoiuliza tu.

Basi kabla ya kubonyeza, soma swali lako na utoe kila kitu ambacho hujakihakikisha. Swali langu lilipaswa kuwa: "Einstein alipewa Nobel kwa kazi gani, na mwaka gani?" Maswali yanayoegemea upande mmoja yana shida hiyo hiyo. Ukiuliza madhara ya kulala mchana utaletewa madhara, ukiuliza faida utaletewa faida. Uliza yote mawili, au uliza tu kulala mchana kunaufanyia nini mwili.

Andika swali zima. Wengi wetu tulijifunza kutafuta kwa kurusha maneno matatu yaliyokatwakatwa, kwa sababu mashine za zamani zilikuwa zikiyapuuza maneno madogo. Oktoba 2019 Google walipotangaza kuingiza modeli ya lugha, yaani programu iliyojifunza lugha kwa kupitia maandishi mengi, iitwayo BERT kwenye utafutaji wao, walitoa mfano wa mtu aliyeuliza habari za viza kwa msafiri wa Brazil anayekwenda Marekani. Awali mashine ilileta kurasa za Wamarekani wanaokwenda Brazil. Kaneno kamoja kanakoonyesha mwelekeo wa safari ndiko kalikobeba maana yote. Kwa hiyo usione aibu kuandika "kutoka", "bila", "kabla ya" au "isipokuwa".

Taja na kipimo. Mlima mrefu kuliko yote duniani ni upi? Ukipima kutoka usawa wa bahari, ni Everest, mita 8,848.86 kwa kipimo kilichotangazwa na Nepal na China mwaka 2020. Ukipima kutoka kitako hadi kileleni, Mauna Kea wa Hawaii unaupita, kwani sehemu kubwa ya mwili wake imezama baharini na jumla yake inazidi mita 10,000. Ukiuliza kilele kilicho mbali zaidi na kitovu cha dunia, jibu ni Chimborazo wa Ecuador. Mashine isipoelezwa unataka kipi hukuchagulia yenyewe, kwa kawaida kile kinachotajwa mara nyingi zaidi. Mambo yanayobadilika, kama sheria, viwango na vyeo, yaulize pamoja na mwaka.

Sasa chanzo, na hapa nakuomba uvumilivu. Majibu haya ni ya aina mbili. Kuna yanayonyofolewa neno kwa neno kutoka ukurasa mmoja, na kuna yanayotungwa na modeli ya lugha baada ya kupitia kurasa kadhaa. Lililonyofolewa linaweza kuachana na muktadha wake. Nimewahi kuona jibu kuhusu mtu aliyeshikwa na kifafa: lilisema ashikiliwe kwa nguvu na atiwe kitu mdomoni. Nilipofungua ukurasa wenyewe, mambo hayo yalikuwa yameorodheshwa chini ya kichwa kinachoyakataza. Ukurasa ulikuwa sahihi kabisa, ila kichwa kilibaki nyuma wakati wa kunyofoa. Mtu angeweza kuumia.

Lililotungwa nalo lina hatari yake, kwa kuwa modeli huandika kosa kwa ufasaha ule ule inaoandikia ukweli. Hata kiungo kilichowekwa pembeni ya sentensi hakithibitishi kwamba ukurasa ule unasema hivyo. Kifungue. Bonyeza Ctrl na F, andika tarakimu au jina unalolitafuta, kisha soma aya nzima na kichwa chake. Usipolikuta, sentensi ile ihesabu haijajibiwa. Mimi huendelea mpaka nipate kurasa mbili ambazo hazikunakiliana. Maneno yakifanana mpaka mkato, huo ni ukurasa mmoja tu.

Kwa Kiswahili kuna la kuongeza. "Paa huishi miaka mingapi?" linaweza kukuletea habari za mabati, kwa hiyo andika "mnyama paa". Saa nazo zinachanganya: jibu likisema saa mbili, huenda ni saa mbili yetu au ni tafsiri ya mbio ya saa nane. Iambie iandike kwa mtindo wa saa 24. Na kwa mada ambazo kurasa za Kiswahili ni chache, uliza pia kwa lugha nyingine unayoijua, halafu linganisha.

Kipimo cha dawa simalizii hapo kamwe. Nampigia mfamasia.

Yanayobaki nayaandika daftarini: swali kama nilivyoliuliza, tarehe, na ukurasa niliousoma, maana swali lile lile linaweza kupata jibu jingine wiki ijayo. Mstari wa Einstein nimeuandika upya. Una swali lililosahihishwa, na mbele yake anwani ya ukurasa wa watoa tuzo wenyewe, pale walipoandika sababu ya kumpa.