Kuweka alama ya mwenye kitabu bila kukiharibu

Mwaka 1574, vitabu ambavyo Sir Nicholas Bacon, mwanasiasa wa Uingereza, alikipa Chuo Kikuu cha Cambridge vilibandikwa lebo yenye nembo ya ukoo wake. Ben Jonson, mwandishi wa tamthilia wa Uingereza, yeye aliandika jina lake na kaulimbiu ya Kilatini kwenye ukurasa wa jina wa vitabu vyake. Njia zote mbili zinafaa rafu ya nyumbani Kisumu, ila unyevu wa ziwa unadai uangalifu.

Kuandika ni rahisi: penseli ya 2B, jina na mwaka, basi. Wino wa kalamu ukipata unyevu hupenya hadi upande wa pili.

Lebo ndiyo yenye kazi. Chukua kijiko 1 cha unga wa ngano na vijiko 5 vya maji baridi, koroga mpaka mabonge yaishe, kisha pika kwa moto mdogo hadi uji uwe mzito na uanze kung'aa. Ukipoa, paka nyuma ya lebo safu nyembamba kwa brashi, ukianzia katikati kwenda kingoni. Bandika ndani ya jalada la mbele. Weka karatasi ya nailoni kati ya lebo na ukurasa unaoigusa, funga kitabu, kigandamize kwa matofali mawili usiku kucha. Ukisahau nailoni, asubuhi utakuta kurasa zimegandana. Gundi ikizidi, jalada hupinda na mende huja kuila.

Selotepu usiitumie kabisa: hugeuka njano na kuacha doa lisilotoka.

Na jina la mwenye wa kwanza, tafadhali, usilifute. Andika lako chini yake.