Jinsi ya kujua pedi za breki za pikapu zimefika mwisho

Swali ninaloulizwa zaidi na wenye pikapu ni hili: "Pedi nibadilishe baada ya kilomita ngapi?" Jibu langu huwakera. Achana na kilomita. Chukua pikapu mbili za aina moja, moja ipande na kushuka milima na shehena, nyingine imbebe mwenyewe peke yake kwenye barabara tambarare. Ya kwanza itakuwa imemaliza pedi zamani wakati ya pili bado inatumia zile za kiwandani. Cha kupima ni unene wa pedi yenyewe, tena pedi zote mbili za kila gurudumu. Hapo kwenye "zote mbili" ndipo wengi wanapoteleza, na ndiyo maana hatua ya 4 hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

Nazungumzia pikapu ya kawaida yenye diski mbele (pedi mbili zinabana sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu) na dramu nyuma (breki shuu zinasukuma ukuta wa ndani wa ngoma ya chuma). Kama yako ina diski kotekote, yale ya mbele yarudie nyuma.

Hatua ya 1: Sikiliza

Pedi nyingi zina kibati kidogo cha chuma pembeni. Pedi ikibaki na milimita 2 au 3 hivi, kibati kinaanza kugusa diski na kutoa mlio mwembamba, mkali, unaokwenda na mzunguko wa gurudumu. Mara nyingi mlio hunyamaza ukikanyaga breki, basi dereva anajiambia breki ni nzima. Si nzima, ndiyo kwanza zinakuomba uziangalie. Magari mengine hayana kibati ila waya wa sensa, nayo huwasha taa kwenye dashibodi.

Mkwaruzo mzito, wa chuma juu ya chuma, ni habari nyingine kabisa. Hapo pedi imekwisha na bati lake la nyuma linailima diski. Usiseme utafika nayo nyumbani kwanza.

Kuna kelele za bure pia. Gari likilala kwenye mvua, asubuhi diski huwa na kutu nyepesi inayokwaruza mara chache kisha inafutika. Kijiwe kikinasa kati ya diski na kinga yake ya bati, kinaweza kupiga kelele za kukutia hofu ilhali pedi ni mpya.

Kimya nacho kisikutulize. Si kila pedi ina kibati, na mara nyingi kinawekwa kwenye pedi moja tu ya gurudumu. Ile isiyo nacho ikitangulia kuisha, itaisha bila kusema neno.

Hatua ya 2: Tazama mafuta ya breki, usiongeze

Fungua boneti, angalia kopo la mafuta ya breki. Pedi zinavyolika, pistoni za kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, zinatoka nje zaidi, na mafuta yanashuka kujaza nafasi iliyoachwa. Kwa hiyo kopo linaloshuka polepole kuelekea alama ya MIN, na hakuna mahali panapovuja, linakuambia pedi zimelika.

Hapa ndipo mtu mwema anaponunua chupa na kujaza hadi juu. Ukifanya hivyo umejifutia dalili nzuri, na siku ya kufunga pedi mpya, pistoni zikirudishwa ndani, mafuta yatafurika na kula rangi ya gari. Lakini yakishuka kwa kasi, au pedali ikizama hadi chini, hilo ni vujo. Gari lisitembee.

Hatua ya 3: Chungulia kupitia rimu

Chukua tochi. Utaona pedi ya nje. Kama ni nyembamba, kazi imekwisha, kabadilishe. Kama ni nene, bado hujajua chochote.

Hatua ya 4: Vua gurudumu, kaikague pedi ya ndani

Kufungua nati na kupiga jeki sina haja ya kukueleza. Nitasema moja tu: pikapu ni nzito, kwa hiyo iweke juu ya stendi na uzuie magurudumu ya nyuma kwa vigingi. Jeki ni ya kuinulia. Mtu haingizi mkono wala kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Sasa, kwa nini pedi ya ndani? Kwenye kalipa inayoteleza, pistoni iko upande wa ndani tu. Ukikanyaga, inasukuma pedi ya ndani kwanza, halafu mwili wa kalipa unateleza juu ya pini zake na kuivuta pedi ya nje ibane diski. Pini zikikauka grisi au zikiota kutu, kalipa haitelezi. Pedi ya ndani inabaki kufanya kazi karibu yote, wakati ile ya nje, uliyoichungulia kwa tochi, inapendeza kama ya dukani.

Pikapu nyingine, kama Toyota Hilux nyingi, zina kalipa isiyoteleza yenye pistoni nne, mbili kila upande. Hiyo haina pini za kuteleza, ila pistoni moja ikikwama, pedi inalika upande mmoja na kuwa kama kabari. Kwa hiyo ukipima, pima mahali palipo pembamba zaidi, si katikati wala pale mkono unapofika kwa urahisi.

Unapima nini? Ile nyenzo ya kusugua peke yake. Nyuma yake kuna bati la chuma ambalo lenyewe lina unene wa milimita 5 hivi. Ukilijumlisha, pedi iliyokufa itakusomea milimita 7 na utafunga gurudumu ukiwa na furaha. Mimi natumia vernia (kipimo cha chuma chenye taya zinazoteleza), ule mkia wake wa kupima kina. Vipimo vya plastiki vyenye rangi navyo vinafaa. Kukadiria kwa jicho sikukubali, hasa kwenye pedi ya ndani unayoiona kwa mshazari, penye kiza na vumbi. Hilo vumbi usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa; lifute kwa kitambaa kibichi, maana si kitu cha kuvuta kifuani.

Ikiwa pedi haionekani vizuri, na kalipa ni ile inayoteleza, fungua bolti yake ya chini na uinue mwili wake kama kifuniko. Ukilazimika kuitoa yote, ifunge kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwenye mpira wa breki, lile bomba laini linaloipelekea mafuta.

Pedi mpya huwa na milimita 10 hadi 12 hivi za kusugua. Zikibaki 6, endelea na safari zako. Zikifika 4, anza kutafuta pedi. Kwenye 3 nabadilisha bila mjadala, na kama pikapu inavuta tela au inabeba mzigo kila siku, naibadilishia kwenye 4. Vitabu vya watengenezaji wengine vinataja hadi milimita 1. Hicho ni kikomo ambacho pedi haitakiwi kukivuka, nawe hutaki kukigundua ukiwa katikati ya mteremko na shehena nyuma. Pedi nyembamba pia hupitisha joto kwa urahisi zaidi kuelekea kwenye pistoni na mafuta, na mafuta yakichemka pedali inakuwa laini.

Unene si kila kitu. Pedi yenye ufa mkubwa, iliyoanza kubanduka kwenye bati lake, au iliyolowa grisi au mafuta ya breki, inatupwa hata kama ina milimita 9. Hakuna kuiosha.

Ukikuta pedi moja nene na mwenzake imekwisha, kufunga pedi mpya tu ni kuahirisha tatizo. Chomoa pini, zisafishe mpaka zing'ae, zipake grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi hufanya mipira inayofunika pini ivimbe, na pini zitakwama tena. Na ukikuta gurudumu la kulia limelika kuliko la kushoto, shuku pistoni iliyokwama au mpira wa breki ulioziba kwa ndani, unaopitisha mafuta kwenda lakini hauyaachii kurudi. Gari la namna hiyo mara nyingi huvuta upande mmoja, na baada ya safari rimu moja ina joto kuliko mwenzake. Sogeza kiganja karibu, usiguse.

Hatua ya 5: Diski

Tafuta maandishi MIN TH yaliyochongwa kwenye diski. Huo ndio unene wa chini unaoruhusiwa. Ukingo wa nje usioguswa na pedi hubaki mnene, kwa hiyo vernia ikikaa juu yake itakudanganya. Pima ndani ya ukingo, kwa maikromita (kipimo cha unene kilicho sahihi zaidi) ukiipata. Usukani unaotetemeka ukikanyaga breki ukiwa kwenye kasi, kwa kawaida ni diski isiyo na unene sawa, na pedi mpya hazitauponya.

Hatua ya 6: Nyuma

Breki za mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi, kwa hiyo breki shuu za nyuma huisha taratibu. Hendibreki inayopanda juu sana na pedali inayoshuka chini kuliko zamani ni sababu ya kufungua dramu.

Pikapu nyingi pia zina vali inayosoma mzigo: fimbo inayounganisha ekseli ya nyuma na chasi, ikipunguza nguvu ya breki za nyuma gari likiwa tupu na kuiongeza likishuka kwa uzito. Fimbo hiyo ikikatika, au mtu akiinua gari kwa springi nene bila kuirekebisha, breki za nyuma zinaweza kubaki legevu hata gari likiwa limejaa. Kama pedi za mbele zinakwisha haraka na hujui kwa nini, ingia chini uiangalie.

Hatua ya 7: Ukishaamua kubadilisha

Badilisha kulia na kushoto pamoja, daima. Kwa pikapu ya mizigo napendelea pedi zenye chuma ndani yake kuliko za seramiki. Zina vumbi na kelele zaidi, lakini joto la mteremko zinalimudu. Ukimaliza kufunga, kabla hujaondoa gari, pampu pedali mpaka iwe ngumu, kwa sababu pistoni bado ziko mbali na pedi na mkanyago wa kwanza hautashika kitu. Halafu tafuta barabara tupu, punguza mwendo mara kadhaa kwa mkanyago wa wastani bila kusimama kabisa, na acha nafasi ya kupoa kati ya mara moja na nyingine. Mzigo mzito usubiri siku chache.