Kabla hujaihamisha ofisi kutoka WhatsApp

Sisi ni ofisi ya kutoa mizigo bandarini Mombasa, na kazi yetu yote ilikuwa ikipita WhatsApp. Karani wetu mmoja aliacha kazi siku ya Ijumaa. Jumatatu tukaitafuta hati ya shehena (BL) ya mteja wa Kampala, hatukuiona. Alikuwa ameipiga picha bandarini, akamrushia mwenzake peke yake wala si kwenye grupu, na mwenzake akaifuta kwa sababu simu imejaa. Tulimpigia yule karani. Alipokea kwa adabu zake zote, akatwambia ile simu alishaiuza Mwembe Tayari. Kontena mbili zikalala bandarini siku nne zaidi, na storeji, ile ada ya mzigo kulala bandarini, kama ajuavyo yeyote wa kazi hii, haina huruma.

Ndipo nikapewa kazi ya kutafuta programu moja ya ofisi nzima: ujumbe, mafaili, mikutano. Niliyojifunza ni kwamba ukurasa wa bei ndio wa mwisho kufunguliwa.

Anza na karatasi moja uifuate. Mimi nilichukua kontena moja na daftari, nikaandika kila mkono uliogusa stakabadhi zake: barua pepe ya msafirishaji, karani wa ofisi ya Moi Avenue, anayeingiza entri ya forodha, kijana wa bandarini Kilindini, yadi ya Changamwe, dereva, na wakala wetu wa Malaba mpakani. Watu saba. Hati ni ile ile moja, lakini niliikuta kwa majina matatu: “scan001”, “BL mpya” na “BL mpya ya mwisho”. Ya mwisho ndiyo iliyokuwa na kosa. Hapo nikatambua kwamba sisi hatuna shida ya kuzungumza, tunazungumza mno. Shida yetu ni mafaili. Hoteli ya Nyali ikifanya zoezi hili huenda ikagundua kinyume chake, kwamba inachohitaji ni kuwatangazia watu zamu zao basi. Programu ya kuwafaa hawa siyo ya kuwafaa wale, hata muuzaji aape.

Pili, ijaribu kwenye simu mbovu kuliko zote kazini. Kwenye laptop ya bosi yenye waya wa fiba, kila programu ni nzuri. Tulimpa kijana wa bandarini programu mbili kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka, akapiga picha ile ile getini, mahali ambapo mtandao huja na kuondoka. Ya kwanza iliishika picha, ikangoja, ikaituma alipofika barabarani. Ya pili ilisema imetuma. Haikutuma. Hilo peke yake lilitutosha kuiacha. Angalia pia inakula bando kiasi gani kwa siku, na bando hilo analipa nani. Ukimwachia karani alilipie mwenyewe, atarudi WhatsApp kabla ya adhuhuri, na sitamlaumu.

Na usidhani kukaa Mombasa ni kinga. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika kwetu mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, yaani intaneti ya nchi inapanda pwani hapa hapa. Lakini SEACOM na EASSy zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, huko chini upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, mtandao ulijikokota siku kadhaa kwetu sawa na kwa watu wa bara. Mwaka uliotangulia, tarehe 25 Agosti 2023, stima zilipotea karibu nchi nzima. Kwa hiyo uliza: mtandao ukienda, faili la leo litafunguka kwenye kompyuta yangu, au nitakuwa natazama kiduara kinachozunguka?

Vya bure navyo vina masharti yake. Slack, programu ya ujumbe wa kazini, isipolipiwa huonyesha siku 90 tu za nyuma. Zoom hukata mkutano dakika ya 40. Akaunti ya bure ya Google hukupa GB 15, nazo zinagawanwa na barua pepe, picha na mafaili. Sasa weka hayo kando ya Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015, inayotaka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Siku 90 hazifiki hata msimu mmoja wa kaskazi.

Bei nyingi ni za dola, kwa kichwa, kwa mwezi. Tuseme ni dola 6 na nyinyi ni watu 18: dola 108. Mwanzoni mwa 2024 dola ilipokaribia shilingi 160, hizo zilikuwa kama 17,280. Ilipotulia kwenye 130 zikawa 14,040. Programu ni ile ile. Hesabu kwa kiwango kibaya, na uulize kama dereva anahitaji akaunti kamili au linki ya kupakia picha inamtosha.

Kuhusu sheria ya kulinda data ya 2019 nitasema kidogo: mkiweka nakala za pasipoti na vitambulisho vya wateja humo ndani, mjue zinahifadhiwa nchi gani, na mjue nani atapiga simu zikivuja, maana Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72.

Halafu mlango wa kutokea. HipChat, nayo ya ujumbe wa kazini, ilifungwa Februari 2019, Skype Mei 2025, na zote mbili zilikuwa na watu waliozizoea. Kabla ya kulipa hata senti, pakieni mafaili ishirini, kisha myatoe yote na kuyafungua kwenye kompyuta nyingine. Akaunti kuu isimame kwa barua pepe ya kampuni, isiwe Gmail ya mtu, na nywila yake wawe nayo wawili. Kama tungekuwa na hilo tu, ile simu iliyouzwa isingetuumiza kichwa.

Wakabaki watu. Bibi wetu wa hesabu alinambia, “Mwanangu, mimi hii ya kijani yanitosha.” Sikubishana naye. Nikamwomba awe wa kwanza ofisini, baada yangu, kuijaribu ile tuliyoielekea, akakubali baada ya chai. Siku ya tatu akaniita mezani kwake, miwani juu ya paji la uso, akanionyesha simu ya dereva aliyekuja kuchukua pesa ya mafuta. Kwenye kioo kulikuwa na ankara ya mteja wa Kampala, na bei yetu, na faida yetu, vyote wazi. Ruhusa za nani aone nini nilizipanga mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeitumia programu hiyo wiki mbili, kosa hilo sijaliona.