Somo: Kuhifadhi bastola yenye leseni chumbani

Naulizwa kila mara kwa ujumbe wa faragha bastola yenye leseni ihifadhiweje nyumbani, kwa hivyo naandika jibu lote hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Ni la mtu ambaye tayari ana cheti kutoka Bodi ya Leseni za Silaha. Kama huna cheti, somo hili si lako. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inamtaka mwenye silaha aiweke mahali salama wakati wote. Haisemi aifiche. Chini ya godoro, juu ya kabati, ndani ya kiatu: hayo ni maficho, na watoto wa nyumba hiyo huyajua yote kabla ya mwizi.

1. Toa risasi kila unaporudi nyumbani. Magazini, yaani kile kisanduku cha risasi, itoke kwanza. Kisha vuta slaidi (chuma cha juu kinachorudi nyuma), tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, halafu pitisha kidole kuhakikisha. Ukivuta slaidi na magazini bado imo, risasi moja itaruka nje na nyingine itaingia mahali pake, nawe utaamini chemba ni tupu. Kidole kikae mbali na triga. Na kama unaishi ghorofani, kumbuka kuna familia juu yako na nyingine chini yako. Chagua mapema upande wa kuelekeza mtutu.

2. Nunua sefu ndogo ya chuma yenye vitufe. Ya alama ya kidole peke yake hapana. Kidole chenye maji au losheni mara nyingi hakisomeki.

3. Chagua mahali. Ndani ya kabati, upande wako wa kitanda, pasipoonekana kutoka mlangoni wala dirishani.

4. Ifunge kwenye nyumba yenyewe. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hivyo soma polepole. Sefu ndogo ina uzito wa kubebwa na mtu mmoja. Usipoifunga, umemfungashia mwizi bastola, risasi na pasipoti yako, akafungulie kwake kwa gurudumu la kukatia chuma. Makabati mengi ya nyumba zetu ni ya mbao za kubandikwa, na fundi aliye na haraka atakupigia skrubu nne hapo na kukuambia imeshika. Haijashika. Ivute kwa mikono miwili mbele yake uone. Boliti lazima ipite ubao wa nyuma ya kabati na kuingia kwenye jiwe la ukuta, au ishuke sakafuni kwenye slabu. Tumia boliti za chuma zinazotanuka ndani ya shimo zinapokazwa, si plagi za plastiki. Kama ukuta ni wa bloku zenye uwazi ndani, boliti haitapata cha kushika, basi nenda sakafuni. Usitoboe karibu na soketi wala swichi, kwa sababu waya hupanda au kushuka kutoka hapo, na uliza bomba la bafu limepita wapi. Nati zikaziwe ndani ya sefu, pasipofikika mlango ukiwa umefungwa. Siku ya kutoboa, silaha isiwepo chumbani, na fundi hana haja ya kujua sefu ni ya nini. Mwambie ni ya hati ya shamba.

5. Namba ya siri. Isiwe mwaka wa kuzaliwa, isiwe PIN ya M-Pesa. Hiyo mtoto wako anaijua tangu ulipomtuma kununua tokeni za stima. Baadhi ya sefu za bei nafuu huja pia na namba ya kiwandani inayofungua kila sefu ya aina hiyo. Soma karatasi yake na uibadilishe siku hiyo hiyo.

6. Betri na ufunguo wa dharura. Betri mpya kila Januari na Julai hata kama za zamani bado zina nguvu. Ufunguo usikae chumbani. Wala usiutie kwenye shada la funguo za gari, maana hilo humwachia mwosha gari na fundi wa gereji.

7. Jizoeze. Bastola ikiwa tupu na risasi zikiwa chumba kingine, zima taa ufungue sefu kwa kupapasa, mpaka vidole vijue njia.

Mimi huacha chemba tupu, magazini ikiwa pembeni ndani ya sefu hiyo hiyo. Risasi za ziada hukaa kwenye sanduku jingine lenye kufuli lake.

MASWALI

Mkaazi wa Donholm: Bosi, si chini ya mto ni haraka zaidi?

Hapana. Rudi juu usome utangulizi.

Mkaazi wa Donholm: Nimesoma. Lakini mwizi akiingia utamwambia angoje ubonyeze namba?

Mwizi akishafika kando ya kitanda chako, mto hautakuokoa. Muda hununuliwa mlangoni: grili ya kutenganisha sebule na vyumba vya kulala, kufuli nzuri, taa ya nje. Akianza kuikata grili utamsikia. Hapo unafungia familia chumba kimoja, unapiga 999 au 112, na sefu unaifungua ukiwa macho kabisa. Mtu aliyeshtuka usingizini na silaha mkononi anaweza kumpiga mtoto anayekwenda kunywa maji.

Wa Kasarani: Nimpe mke wangu namba?

Cheti kina jina la nani?

Wa Kasarani: Langu.

Basi namba ni yako peke yako. Akitaka silaha, naye aombe leseni yake.

Mama wa watoto wawili, South B: Asante kwa somo. Wanangu wana miaka minne na tisa. Niwaambie sefu ina nini, au ninyamaze? Naogopa nikisema watadadisi, na nisiposema watadadisi zaidi.

Dada, umeuliza swali zuri. Wa miaka tisa mwambie ukweli kwa sauti ya kawaida, bila vitisho: ndani kuna kitu cha hatari cha mama, hakichezewi wala hakitajwi shuleni. Wa miaka minne mfundishe jambo moja tu: ukiona bunduki popote, hata kwa jirani, usiguse, toka, mwite mtu mzima. Lakini usitegemee mafunzo hayo. Mtoto anayejibu vizuri mbele yako anaweza kuigusa ukigeuka. Kinga ni chuma. Na unapobonyeza namba, wote wawe nje ya chumba. Wa miaka tisa husoma vidole kuliko unavyodhani. Kabla hawajaenda kulala kwa binamu zao, muulize mwenyeji kama kuna silaha na imefungiwa wapi. Si kukosa adabu.

Mpangaji, Ruaka: Mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe.

Muombe kwa maandishi, ukiahidi kuziba mashimo na kupaka rangi ukihama. Sema ni sefu ya hati. Wengi hukubali. Akikataa, mpe fundi wa jua kali akuchomelee sahani nzito ya chuma pana kuliko mlango wa kabati, uifunge sefu juu yake, kisha kabati lijengwe kuizunguka. Haitashinda ukuta, lakini haitabebwa kwa dakika moja.

Asiyetaja mtaa: Mume wangu ana leseni. Tangu apoteze kazi hapati usingizi, anakunywa, na juzi alisema tungekuwa afadhali bila yeye. Sefu yenu hii itasaidia?

Dada, haitoshi, kwa sababu namba anayo yeye. Silaha hiyo itoke nyumbani leo, si wiki ijayo. Usiiguse mwenyewe. Mtafute ndugu au rafiki anayemheshimu, amwombe waipeleke pamoja kituo cha polisi ihifadhiwe mpaka atulie. Asipokubali, nenda kituoni ueleze alichosema. Huko si kumsaliti. Usimwache peke yake, na mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Befrienders Kenya huzungumza na watu walio katika hali hiyo, na jamaa zao pia. Nimekuandikia faraghani. Tafadhali jibu.

Mkaazi wa Syokimau: Bastola yangu imeanza kutu na haijapigwa na mvua hata siku moja.

Unaiweka na ala yake ya ngozi?

Mkaazi wa Syokimau: Ndiyo.

Itoe. Ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia juu ya chuma. Pangusa bastola kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya silaha, weka ndani vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe msimu wa mvua ndefu na tena wa vuli.

Mpangaji, Ruaka: Hivyo vipakiti hata mimi nimeviweka kwenye sanduku la vyeti vya shule. Karatasi zimeacha kunuka ukungu.

Hapo sawa. Hakikisha tu mtoto havifikii.